Kompyuta ikiamka na malalamiko: maonyo ya vifaa yasiyo ya kweli na pa kuanzia kutafuta

Mzee mmoja wa Mkoani, Pemba, aliipandisha kompyuta yake kwenye boti mara mbili ndani ya mwezi mmoja, akaniletea hapa kwenye karakana yangu Mlandege, Unguja. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kila asubuhi akiiwasha, kabla Windows haijaanza, skrini inakuwa nyeusi, mstari mweupe unaandika "163-Time & Date Not Set", kisha mashine inakaa kusubiri F1. Fundi wa kwanza alikwishamwambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, anunue nyengine. Mimi nikaiwasha, ikalalamika mara moja, nikaiwekea saa, na siku mbili nzima nikawa naizima na kuiwasha. Haikusema neno. Nikaitia kwenye boksi lake, ikarudi Pemba. Hazikupita siku mbili, simu inalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imerudi kule kule."

"Inasemaje?"

"Inataka saa. Na saa nimeiweka mwenyewe jana baada ya isha, kwa mkono wangu huu."

Nitamrudia mzee huyu, kwa sababu kosa lililokuwepo pale lilikuwa langu zaidi kuliko la mashine.

Wateja wengi wakija husema kompyuta "inasema uongo": imeandika feni mbovu na feni inazunguka, imeandika kibodi haipo na kibodi hii hapa. Ukiifikiria hali yake utaihurumia. Sekunde zile za mwanzo haina macho. Inachokijua ni volti iliyopo kwenye waya fulani, pini mbili zimegusana au hazikugusana, na orodha ya vitu ilivyovikuta jana, iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani. Ikisema feni haipo, maana yake waya unaoleta habari za feni haukuleta kitu. Feni yenyewe huenda ni nzima kabisa. Kwa hiyo kwenye kila onyo mimi humtafuta kwanza mleta habari: ni waya gani, pini gani au betri gani, na yenyewe iko katika hali gani? Wanaonunua mazabodi mpya kwa onyo la namna hii wamemhukumu mshtakiwa bila kumhoji shahidi.

Kabla hujashika bisibisi

Piga picha ya skrini kwa simu. Maandishi haya hupita haraka, na mteja akinieleza kwa mdomo husema tu "imeandika herufi nyingi za Kizungu". Neno moja hubadilisha kazi yote: "not set" na "failure" ni mambo mawili mbali. Mashine za HP huweka nambari mbele ya onyo, na nambari hiyo nitaithamini kuliko hadithi ya nusu saa.

Kisha jiulize maswali haya. Onyo linakuja asubuhi tu mashine ikiwa baridi, au hata ukiianzisha upya saa sita mchana? Lilianza baada ya umeme kukatika? Kompyuta ilihamishwa, hata kutoka meza hii mpaka ile? Kuna mtu aliyeifungua, hata kwa kupuliza vumbi tu? Nusu ya kazi huishia hapa, na hakuna skrubu iliyofunguliwa.

Ukiamua kuifungua, zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili mabaki ya umeme yamalizike. Shika bati la kasha kabla ya kugusa bodi. Pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea waya wa umeme, usiifungue hata ukiwa hodari. Umeme wetu ni volti 230, na kapasita kubwa zilizomo ndani huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kutoka.

Saa na tarehe hazijawekwa, au mipangilio imefutika

Onyo hili huja kwa sura nyingi: "Time & Date Not Set", "CMOS checksum error", "Defaults loaded". Zote ni kilio cha kitu kimoja, kile kibetri cha duara kinachofanana na sarafu. Jina lake ni CR2032: C na R ni za aina, 20 ni upana kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Volti zake ni 3. Kazi yake ni kuitembeza saa ya ndani na kuihifadhi mipangilio wakati mashine haina umeme kabisa.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyasahau kwa mzee wa Mkoani. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini plagi imo ukutani na swichi iko juu, pawasaplai huendelea kutoa volti 5 za usingizini. Utaiona taa ndogo kwenye bodi bado inawaka. Saa hunywa umeme huo, na betri hupumzika. Karakana yangu sizimi ukutani. Kwa hiyo siku zote mbili nilizoijaribu mashine yake, betri ilikuwa haina kazi, hata ingelikuwa kipande cha bati nisingelijua. Nikamuuliza kwenye simu:

"Mzee, usiku ukenda kulala unaizima wapi?"

"Ukutani. Na plagi nachomoa kabisa. Radi za masika unazijua wewe?"

Nazijua, na sikumwambia aache. Watu wetu wamejifunza kuchomoa kwa sababu. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, umeme wa kutoka bara ulipokatika kiasi cha mwezi mmoja, na tena Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka jenereta zilivyounguruma vichochoroni na vifaa vilivyoungua umeme uliporudi kwa kishindo. Kebo mpya ya baharini ya mwaka 2013 imepunguza balaa hilo, lakini mkono bado unakwenda kwenye swichi wenyewe. Tabia ni nzuri. Ila mwenye tabia hiyo ajue kwamba betri yake inafanya kazi kila usiku, ya jirani yake asiyechomoa imelala, na ya kwake itakufa mwanzo.

Kwa hivyo kipimo sahihi ni hiki: weka saa, zima, chomoa plagi, iache usiku mzima, washa asubuhi. Saa ikiwa imerudi nyuma, betri imekwisha. Ukiwa na mita ni haraka zaidi. Itoe betri, pima: mpya hutoa volti 3 na kidogo juu yake, na ikishuka chini ya 2.8 mimi huibadilisha bila mjadala. Bei yake haifiki hata robo ya nauli ya boti aliyolipa mzee. Unaponunua usichukue ile iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana, na ukiweza ipime hapo hapo dukani. Mwenye duka atanuna, lakini bora anune yeye leo kuliko wewe baada ya miezi minne.

Kuna mtego kabla ya kuibadilisha. Betri ikitoka, mipangilio yote hurudi ya kiwandani, na mmoja katika hiyo ni namna diski inavyozungumza na bodi: AHCI, IDE au RAID. Ikibadilika, Windows huanguka kwenye skrini ya buluu yenye maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE" au nambari 0x0000007B, na mtu huapa kwamba diski imekufa muda ule ule. Diski ni nzima. Ingia kwenye BIOS, zile kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla ya Windows, rudisha neno lililokuwepo, itawaka. Ndiyo maana mimi hupiga picha kurasa zote za BIOS kabla sijagusa betri, ikiwa bado zinasomeka sawa.

Umeweka betri mpya na bado inalalamika? Angalia kishikio chake. Hapa kwetu hewa ya chumvi hukila kile kibati cha pembeni kinachoigusa betri, kikawa na unga wa kijani, na betri mpya ikakaa juu ya kutu haigusi kitu. Kisugue taratibu na ukinyanyue kidogo kirudi kubana. Halafu itafute jampa (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya kufutia mipangilio, huandikwa CLR CMOS au CLRTC. Mara nyengine fundi aliyetangulia aliihamisha akasahau kuirudisha, na hapo mashine itasahau kila kitu hadi kiama.

La mwisho kwenye saa: kompyuta iliyounganishwa na intaneti huisahihisha saa yenyewe Windows ikishawaka, na onyo la F1 mtu hulizoea akalibonyeza bila kulisoma. Siku bando likimalizika, au tovuti zikaanza kukataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyao bado havijaanza au vimepitwa na wakati, ndipo ugonjwa wa mwaka mzima unapoonekana.

Feni ya CPU

Tuelewane kwanza kwenye jina. Sisi sote, kutoka Chake Chake mpaka Makunduchi, lile kasha zima la kompyuta tunaliita CPU. "Niletee CPU yako." Kwa skrini, CPU ni prosesa peke yake, kile kigae kidogo kilicho chini ya pande la alumini. Ikiandika "CPU Fan Error" mwenye mashine huzunguka nyuma ya kasha, hutia kiganja, husikia upepo, na kusema feni nzima. Ule ni upepo wa feni ya pawasaplai, na hakuna aliyeiuliza.

Fungua ubavu wa kasha, washa, na uiangalie feni iliyoko juu ya prosesa. Ikiwa haizunguki kabisa, onyo ni la kweli, zima mara moja na usicheze nalo. Ikiwa inazunguka, fuata waya wake. Una nyaya tatu au nne: mbili za umeme, na wa tatu hupeleka habari, mapigo mawili kwa kila mzunguko. Wa nne, ukiwepo, ni wa kuamrishwa kasi. Waya wa tatu ukikatika au pini yake ikirudi nyuma ndani ya plastiki, feni huzunguka vizuri na bodi inahesabu sifuri.

Kisha soma imechomekwa wapi. Bodi nyingi zina soketi mbili tatu zinazofanana, moja imeandikwa CPU_FAN na nyengine SYS_FAN au CHA_FAN. Aliyesafisha vumbi akairudisha kwenye ya jirani atapata feni inayozunguka na onyo kila asubuhi. Hii nimeiona mara nyingi mno, na kuitibu huchukua muda mfupi kuliko kunywa kahawa.

Kesi iliyonipotezea siku ilitoka kwenye ofisi moja karibu na bandari. Onyo asubuhi tu, ukibonyeza F1 mashine inafanya kazi mchana kutwa, ukiianzisha upya halionekani. Nilikwenda saa moja na nusu asubuhi wakiwa ndio kwanza wanafungua mlango, nikaitoa bati la ubavu na kuwaambia wawashe. Feni ilitikisika. Ikasogea robo ya mzunguko, ikarudi nyuma, ikatikisika tena, na skrini ikaandika onyo, kisha feni ikaanza kuzunguka kwa uzito kama pangaboi la msikiti wa zamani. Ilikuwa imechelewa sekunde tatu hivi. Vumbi lililochanganyika na chumvi lilikuwa limeganda kwenye mhimili, na mafuta yamekauka; ikishapata moto huachia. Nilibandua stika ya katikati, nikatoa kizibo cha mpira, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani, nikafuta panga zake kwa brashi ya rangi. Ikazunguka kwa mara ya kwanza tu. Niliwaambia wazi kwamba tone hilo limewanunulia miezi, na watafute feni.

Kinyume chake pia hutokea: feni mpya, nzuri, ya kimya, na onyo limekuja nayo. Feni za kimya huzunguka taratibu mashine ikiwa baridi, na bodi imewekewa kiwango cha chini. Kwenye bodi nyingi za ASUS kiwango hicho huwa mizunguko 600 kwa dakika. Feni ikizunguka 500, kwa bodi hiyo imekufa. Ingia BIOS, ukurasa wa Monitor, kishushe kiwango hadi 300 au 200. Usiende moja kwa moja kwenye "Ignore", yaani puuza. Kishushe kwanza, ili siku ikisimama kweli uambiwe.

Kwa Dell na HP za maofisini, zile zinazokuja zimeshatumika Ulaya na kujaa madukani Darajani, jihadhari na kubadilisha feni kwa feni yoyote. Baadhi zina soketi zao wenyewe za pini tano au zaidi, na mashine husubiri ishara kutoka feni ya kiwandani. Ukiihamisha bodi kwenye kasha jengine itadai feni ya mbele haipo, au kipima joto cha hewa hakipo, na kweli havipo: vimebaki kwenye kasha la zamani. Hapo hapana ugonjwa, kuna kuhama nyumba tu.

Kibodi haipo

Fupi. Chomoa, chomeka nyuma ya kasha, si mbele. Ikiwa ni ya kutumia redio au imepitia kigawanyio cha USB, jaribu ya waya moja kwa moja. Kitufe kilichoganda pia huleta onyo hili, na kilichoganda mara nyingi kina chai ndani. Ujumbe wenyewe ni kichekesho cha mafundi dunia nzima: kibodi haipo, bonyeza F1 kuendelea.

Kiasi cha kumbukumbu kimebadilika

Mashine ya GB 8 imeandika "Memory size has changed", au nambari 164 kwa HP, na sasa inasema ina 4. Mwenyewe anadhani kijiti cha RAM kimekufa, au mbaya zaidi, anamdhania aliyekaa kwenye kiti mara ya mwisho. Kabla ya kugombana, kitoe. Angalia meno ya dhahabu kwenye mwanga wa dirisha. Hapa visiwani utaona ukungu wa kijivu, kama pumzi juu ya kioo, hasa baada ya masika, na nyumba za Mji Mkongwe huongeza unga wa chokaa unaopukutika kutoka dari. Chukua raba nyeupe ya skuli, sugua meno kwa kwenda upande mmoja, futa mabaki kwa kitambaa kilichotiwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Pulizia nafasi yake kwa pampu ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi kuliko upepo wa kusi. Kirudishe mpaka vibano viwili vilie.

Ikirudi 4 tena, badilisha nafasi za vijiti. Ugonjwa ukihama pamoja na kijiti, kijiti ni kibovu. Ukibaki kwenye nafasi ile ile, nafasi ndiyo chafu. Onyo likitokea mara moja tu baada ya wewe mwenyewe kuongeza RAM, hiyo ni taarifa, ingia BIOS, hifadhi, toka, halitarudi.

Mashine zinazosafiri zina la ziada. Mtikisiko wa boti au wa gari la Wete huweza kukiachia kijiti, na huweza pia kukirudisha. Ndiyo maana baadhi hufika kwa fundi zimepona.

Kasha limefunguliwa

"Alert! Cover was previously removed", husema Dell. ASUS huwa kali zaidi: "Chassis intruded! Fatal Error" na hukataa kuendelea. Ya kwanza ni swichi ndogo inayobonyezwa na kifuniko. Funga kifuniko vizuri, ingia BIOS, tafuta Chassis Intrusion na ufute kumbukumbu yake. Nimekuta sisimizi wamejenga ndani ya swichi hiyo hata haibonyezeki. Kwa ya pili, tafuta kwenye bodi pini zilizoandikwa CHASSIS. Mbili kati yake zinatakiwa ziunganishwe na jampa, ya ishara na ya ardhi. Jampa hiyo ndogo huanguka wakati wa kusafisha na hufagiliwa pamoja na vumbi. Chukua yoyote kutoka bodi kuukuu.

Umeme umezidi kwenye USB

"USB Device Over Current Status Detected", mashine itazima baada ya sekunde 15, na kweli inazima. Watu huogopa sana hii. Maana yake ni kwamba kuna tundu la USB linalovuta umeme kupita kiasi, na karibu kila mara ni kwa sababu pini zake zimegusana.

Chomoa kila kitu cha USB, hata kibodi na mausi, uwashe. Ikinyamaza, rudisha kimoja kimoja hadi mkosaji ajitaje. Aghalabu ni flashi iliyopinda au waya wa printa uliotafunwa na panya. Ikiwa bado inazima, chungulia kila tundu kwa tochi ya simu. Matundu ya mbele huumia zaidi, ulimi wa plastiki huvunjika na vibati vinne vikalaliana. Kutu ya chumvi nayo hujenga daraja kati yao. Ndani ya kasha, chomoa ule waya unaokwenda matundu ya mbele. Onyo likiondoka, umempata: yaache matundu ya mbele bila waya na utumie ya nyuma. Likibaki wakati hakuna kitu chochote kilichochomekwa mbele wala nyuma, itoe bodi uangalie chini yake. Skrubu iliyoanguka, au mjusi aliyekauka, vyote nimevitoa hapo.

Umeme wa jana haukuwa mzuri

Bodi za ASUS zina ulinzi unaoandika "Power supply surges detected during the previous power on". Hapa kwetu wengi wataliona, maana umeme ukipepesa jioni ulinzi huo huzima mashine na kutoa taarifa asubuhi. Likija mara moja baada ya umeme kukatika, endelea na kazi. Likija kila siku, pima. Kwenye plagi ya zamani ya pini nne, waya wa njano na mweusi utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25, mashine ikiwa inafanya kazi. Nje ya hapo pawasaplai inazeeka, na onyo ni la kweli. Ndani ya hapo, jaribu soketi nyengine ya ukutani, kisha UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Kwa wanaotumia jenereta ndogo ya petroli, onyo hili halitakwisha mpaka jenereta itengemae. Hapo tu ndipo nakubali kuuzima ulinzi huo kwenye BIOS, tena kukiwa na UPS katikati.

Diski inakaribia kufa

Onyo hili peke yake liamini kwanza, ulichunguze baadaye. "1720-SMART Hard Drive Detects Imminent Failure" au "S.M.A.R.T. Status Bad, Backup and Replace" linatoka kwenye diski yenyewe, inajisema. Nakili mafaili kwanza, yote, sasa hivi, kabla ya kutafuta sababu. Nimeona mtu akianza kusafisha na kuchokonoa huku picha za harusi ya bintiye zimo humo, na diski ikaamua kufa mchana ule ule.

Ukishanakili, fungua programu kama CrystalDiskInfo uangalie nambari. Sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, 05 na C5, zikiwa zinapanda, diski inaondoka. Lakini ikiwa kilichopanda ni C7 peke yake, hayo ni makosa ya njiani, kati ya diski na bodi, na waya wa SATA ndio wa kushukiwa. Badilisha waya. Hesabu ya C7 haishuki tena, usitegemee irudi sifuri. Andika ilipofika, na baada ya wiki angalia kama imesimama.

Joto la nyuzi 127

Kuna programu za kupimia joto zinazoonyesha kijumba kimoja kina nyuzi 127, au volti 12 zimekuwa 8, na mtu anakuja mbio. Kigae cha vipimo kina miguu mingi, na watengenezaji wa bodi hawaifungi yote. Mguu usiofungwa husoma takataka, na 127 ni nambari ya juu kabisa ambayo kipimo cha namna hiyo huweza kuandika. Chuma cha nyuzi 127 ungelikisikia kwa pua. Linganisha na ukurasa wa vipimo ndani ya BIOS, huo ndio uamini.

Kuhusu kuizima F1

Kuna mpangilio unaoitwa "Wait For F1 If Error", na kwenye bodi za zamani "Halt On". Ukiuzima, mashine hupita bila kusubiri, na wapo wanaotoza fedha kwa kazi hiyo wakaiita matengenezo. Ni kumchinja jogoo ukitaraji kusipambazuke. Ninauzima mahali pamoja tu: kompyuta iliyofichwa kabatini haina kibodi, inayotakiwa iwake yenyewe umeme ukirudi, na bodi ikiruhusu huchagua isipuuze kitu chengine isipokuwa kibodi.

Na kama yote yameshindikana, wapo watakaokwambia usasishe BIOS. Ni kweli matoleo mapya hurekebisha vipimo vinavyokosea, soma kwanza maelezo ya toleo uone kama yametaja jambo lako. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi nyingi za zamani haziamki tena. Mimi huifanya asubuhi mapema, UPS imejaa na nimeshaipima kwa kuichomoa ukutani taa ikabaki inawaka dakika kumi, na mlango wa karakana nimeurudishia ili asiingie mtu kuniuliza bei ya kava za simu.